Ile picha ya kinyume

Makole, Dodoma
12 Agosti

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku, ambako upepo wa Agosti unatutimulia vumbi mchana kutwa. Barua yako nimeipata, na swali lako nimelitafakari: kwa nini sehemu ya mbele ya ubongo hutoka imevutika kwenye picha za difusheni, yaani zile za MRI zinazoonyesha mwendo wa maji ndani ya ubongo, ilhali picha za kawaida za mgonjwa yuleyule ni safi?

Chanzo ni hewa. Picha za difusheni hupigwa upesi mno, kipande kizima cha ubongo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, ili mtikisiko wa kichwa usiziharibu. Lakini upesi huohuo huzifanya ziyumbishwe na tofauti ndogo za usumaku, ambazo huzidi pale hewa inapopakana na nyama, yaani juu ya matundu ya pua na karibu na masikio. Ukigeuza mwelekeo wa usimbaji wa awamu, yaani upande ambao mashine huanzia kujaza mistari ya picha, palipovutika hubanwa na palipobanwa huvutika. Kwa hiyo, kabla mgonjwa hajashuka kitandani, piga picha moja zaidi isiyo na uzito wa difusheni, kwa mwelekeo wa kinyume. Haimalizi dakika moja. Programu huzilinganisha hizo mbili na kupata umbo la katikati, kwa njia waliyoichapisha Andersson na wenzake mwaka 2003. Mwezi uliopita niliisahau, nikakesha nikizitazama nyuzi za neva zilizokatika juu ya tundu la jicho, na mgonjwa alikwishapanda basi la Kondoa. Iliniuma sana.

Kuhusu chenga, yaani vile vidoadoa vinavyoichafua picha, sikubaliani nawe kwamba tupunguze ukubwa wa vokseli, vile vijichemba vya ujazo vinavyoiunda picha. Vokseli ya milimita 2 kila upande ikishushwa hadi milimita 1, ishara hubaki sehemu moja ya nane, na kwenye b ya 1000 (b ni kipimo cha uzito wa difusheni) ishara yenyewe tayari ni hafifu. Kurudia vipimo nako ni ghali: ili ubora uongezeke maradufu, lazima upige mara nne, na mgonjwa mwenye maumivu hatatulia muda wote huo. Afadhali chenga zisafishwe kwa programu, tena iwe kazi ya kwanza, kabla ya kunyoosha picha, kwa kuwa kunyoosha huchanganya thamani za vokseli jirani, na chenga zikishachanganyika hazitambuliki tena kwa urahisi.

Ukimpiga upya yule mgonjwa wako, nitumie picha zote mbili, jina likiwa limefutwa. Nitaanza kuangalia hapo juu ya macho.

Ni mimi rafiki yako,
wa Makole