Huruma ya mtoto tusiilipe kwa peremende

Mhariri,

Binti yangu wa miaka miwili alipomwona kaka yake akilia, alimfuta machozi kwa soksi yake iliyolowa maziwa, kisha akamnyang'anya mwanasesere aliyekuwa amempa ili kumbembeleza. Tulicheka sana, lakini niliona huruma changa ikitafuta njia. Mwaka 2006, watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 humwokotea mtu mzima kitu kilichomponyoka, na mwaka 2008 wakaonyesha kwamba waliotuzwa kwa kusaidia walipungukiwa na ari ya kusaidia tena. Wazazi wenzangu, nawasihi tusiwalipe watoto kwa wema wao, bali tuwaeleze kwa upole mwenzao anavyojisikia, na tuwaombe radhi tunapowafokea. Jana nilimwomba binti yangu radhi. Akanipa ile soksi.

Mzazi wa watoto wawili