Mbao za kenchi zipimwe kabla ya kuuzwa

Mhariri,

Juzi nilipanda darini kwa mama mdogo kuangalia kwa nini bati limebonyea. Kenchi mbili zimepinda, ya tatu imepasuka palepale penye kifundo kikubwa kama kizibo cha soda. Ni paini ya mbili kwa nne, iliyouzwa ikiwa mbichi. Fundi alilaumiwa, lakini mimi naona kosa lilianzia yadi.

Ubao unaweza kupimwa bila kuvunjwa. Unagongwa nyundo kichwani, kifaa kinapima sauti inavyosafiri ndani yake. Katika paini kavu sauti hufuata nyuzi kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde. Ikichelewa sana, ubao huo ni mbichi, umetoka kwenye mti mchanga, au umeoza ndani. Mwendo huo, pamoja na uzito wa ubao kwa ujazo wake, unaonyesha utakavyostahimili kupinda. Vifundo bado vinataka jicho la mtu.

Naomba wenye yadi wanaoleta mbao za shamba la miti la Sao Hill na kwingineko waanze angalau na kipima unyevu, kisha kila ubao upigwe muhuri wa daraja lake. Mama mdogo sasa analala sebuleni.

Msomaji, Morogoro