Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Hopsi ijaribiwe chini ya taa kabla haijamfikia mkulima

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Ufugaji na Uvuvi,
Entebbe.

Mheshimiwa, tunakuomba usiruhusu mche hata mmoja wa hopsi, mmea unaotambaa juu ambao koni (maua) zake hutumika kutengeneza bia, ugawiwe wakulima wa Kabale au Kapchorwa kabla ya majaribio ya mwanga. Ubaridi wa milima yetu umewavutia wengi, lakini kinachokwamisha zao hili hapa ni urefu wa mchana.

Hopsi huchanua mchana unapopungua chini ya kiwango fulani, kwa aina nyingi za Ulaya kama saa 15 au 16. Kwetu Uganda mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Mmea ukishapata vifundo (sehemu za shina yanapoota majani) vya kutosha huchanua ukiwa bado mfupi, mbali na kuufikia waya wa kutambalia ulio juu mita 5 au 6, na koni zake ni za kuhesabu. Wakati huo mkulima ameshanunua nguzo za mikalatusi, waya na kamba.

Wenzetu wa George, Afrika Kusini, kwenye latitudo 34, walikutana na shida hiyohiyo. Waliwasha taa mashambani ili kurefusha mchana, huku wakizalisha aina zao zinazovumilia mchana mfupi, kama Southern Promise. Tena utafiti wa Colorado wa 2019 ulionyesha kuwa hopsi huweza kuchanua bila kupitia majira ya baridi kali, ambayo sisi hatuna. Hivyo jaribio lina maana.

Vituo vya utafiti wa kilimo vya Kachwekano na Buginyanya vipewe misimu mitatu. Safu moja ikose taa. Nyingine iwashiwe kuanzia saa moja jioni hadi saa sita usiku, mpaka mashina yaguse waya wa juu, kisha taa zote zizimwe kwa pamoja. Safu zitengwe vizuri; mwanga ukivuja hadi kwa zisizo na taa, jaribio limeharibika. Taa hafifu zinatosha, ila betri za sola ni lazima: umeme ukikatika usiku kadhaa mfululizo, maua yanaweza kuja kabla ya wakati.

Siku ya kuzima taa ihesabiwe ili koni zikomae kiangazi: Kachwekano Juni au Julai, Buginyanya Januari. Mvua ikizidi huja ugonjwa wa ubwiri unyoya. Chipukizi lililougua hudumaa, majani yake hukunjamana kuelekea chini na kuota ukungu mweusi upande wa chini. Ling'olewe siku hiyohiyo.

Koni zikaushwe kwa hewa ya nyuzi 60 za Selisiasi hivi, hadi unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Magamba ya nje hudanganya, hukauka kwanza. Ikunje koni: kikonyo cha katikati kikipinda bila kuvunjika, bado kina maji, na gunia zima litaota ukungu.

Uzalishaji wa aina zetu kutokana na mbegu utachukua kama miaka 10, kwa hiyo fedha zake zisitegemee bajeti ya mwaka mmoja. Tunaomba jibu lako kabla ya mvua za Machi, miche ya majaribio iwahi kupandwa.

Wako katika kilimo,
Watafiti na maafisa ugani wa nyanda za juu