Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, nakala mnazo mikononi, kwa hiyo mimi sigusi hata senti. Ada mwaka huu zimelipwa vizuri, safari ya kutazama mechi Hafenstraße, Essen, ilifanyika, na timu ya mabinti ingali hai. Poleni kwa waliofiwa. Muda wangu uliobaki naupeleka kwenye hoja moja iliyoigawa kamati: fedha za msimu ujao ziende kwenye jezi mpya, au tumlipe mwalimu wa viungo?

Kuna jina mabinti wetu wanaligombania kila tukigawana jezi za mazoezi: Oberdorf. Nitapitia kwake.

Lena Oberdorf, kiungo wa timu ya taifa ya Ujerumani, ni mtoto wa huku huku kwetu. Alizaliwa Desemba 2001 Gevelsberg, akacheza na wavulana Ennepetal na baadaye Sprockhövel, mpaka mwaka 2018 alipojiunga na klabu ya SGS Essen akiwa na miaka 16. Wazazi wanaoniuliza kama ni sawa binti kufanya mazoezi na wavulana, na bado mnaniuliza, jibu langu ni huyo. Kanuni za soka la vijana hapa Ujerumani zinaruhusu, na nguvu zake za kugombea mpira amezipata huko.

Tarehe 8 Juni 2019, pale Rennes, alicheza dhidi ya China akiwa na miaka 17 na siku 171. Hakuna Mjerumani aliyewahi kucheza Kombe la Dunia la Wanawake akiwa mdogo kuliko hapo. Rekodi ilikuwa ya Birgit Prinz tangu 1995. Mwaka uliofuata akahamia Wolfsburg. Alitwaa ubingwa wa ligi 2022, na Kombe la Ujerumani mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024.

Lakini vikombe havimwelezi. Anacheza namba sita, yaani kiungo wa kukaba mbele ya mabeki, mkata umeme hasa. Tulipotazama pamoja Euro 2022, wengi mlikuwa mkimfuata mshambuliaji Alexandra Popp na mabao yake. Mzee mmoja wa chama alinivuta mkono akaniambia nisitazame mpira, nimtazame Oberdorf kabla mpira haujafika. Kweli: adui anapoinua kichwa kutafuta pasi, yeye keshaanza kutembea kuelekea pale itakapotua. Ujerumani ilifungwa na Uingereza 2-1 katika fainali ya Wembley, katika zile dakika 30 za nyongeza, mbele ya watu 87,192, naye akachaguliwa mchezaji bora chipukizi wa mashindano. Kwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, ya mwaka huo akashika nafasi ya nne. Kiungo mkabaji, miaka 20!

Sasa tuje kwenye goti. Julai 2024 alikuwa tayari amesajiliwa na Bayern München, hajavaa jezi yao hata kwa mechi moja ya mashindano, akaumia akiichezea Ujerumani dhidi ya Austria pale Hannover. Kano za goti, zile nyuzi zinazoshikilia mifupa yake, zimekatika. Akaikosa Olimpiki ya Paris, wenzake wakarudi na shaba. Akaikosa Euro ya Uswisi mwaka huu pia. Mwisho wa Agosti alirudi uwanjani, sote tukashangilia. Oktoba, dhidi ya Köln, goti lile lile likaachia tena.

Wala si yeye peke yake. Giulia Gwinn, nahodha wa Ujerumani kwenye Euro hii ya 2025, alikwishapona jeraha kama hilo mara mbili, na katika mechi ya kwanza ya Euro hii, dhidi ya Poland, akatoka akilia baada ya kuumia goti tena. Wanawake hukatika kano ya goti mara mbili au zaidi ya wanaume, na wasichana wanaokua ndio walio hatarini sana.

Nendeni uwanjani Jumamosi mkawatazame mabinti wetu wakiruka kupiga kichwa. Wakitua, magoti yanaingia ndani, yanakaribia kugusana, na miguu imenyooka kama fito. Hicho ndicho kinachorekebishika. Mazoezi ya FIFA 11+, ya kupasha mwili joto na kuzuia majeraha, yanachukua kama dakika 20: kukimbia taratibu, kuimarisha nyonga na mapaja, kujifunza kutua magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea mbele. Yakifanywa angalau mara mbili kwa wiki, bila kuruka wiki, majeruhi hupungua. Hilo limepimwa kwa wachezaji wasichana.

Mjumbe mmoja aliuliza kwenye kamati: kama Bayern na madaktari wao wote wameshindwa kulinda goti moja, sisi ni nani? Swali zuri, na halinipi raha. Hakuna mazoezi yanayomaliza hatari. Ila mabinti wetu wanafika, wanapiga danadana mbili tatu, filimbi inalia. Hawajapewa hata kile cha msingi, na jezi za zamani bado zinafuliwa.

Kwa hiyo napendekeza mwalimu wa viungo kwa msimu mzima, jezi zisubiri. Wanaopinga watapewa nafasi ya kusema kabla ya chai, kura itapigwa baada yake. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi, na fomu ziko mezani kwa mweka hazina.

Mwenyekiti wenu