Picha Yako Ni Safi Kwenye Simu, Mbona Ina Ukungu Kwenye Video?

Mteja anayetuletea picha za send-off, za mahafali au za kumbukumbu ya mzazi aliyetangulia mbele ya haki huwa amekwisha kuzitazama kwenye simu yake na kuridhika nazo. Anapoziona baadaye ndani ya video, zikiwa na ukungu kwenye skrini kubwa ya ukumbini, hudhani kwamba mhariri amezembea. Dhana hiyo wakati mwingine ni sahihi, na tutaeleza ni lini. Hata hivyo, katika kazi nyingi zinazopita studio kwetu, picha huwa imekwisha kupungua ubora kabla haijafunguliwa kwenye kompyuta, na ndiyo maana hatuanzi kwa kuuliza ilipigwa kwa kamera gani. Tunauliza imetufikia kwa njia gani.

Fremu ya video ya Full HD, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ina pikseli (vidoti vidogo vinavyounda picha) 1,920 kwa 1,080. Picha ya simu yenye kamera ya megapikseli 12 ina takriban pikseli 4,000 kwa 3,000, kwa hiyo inaijaza fremu hiyo na kubakiza ziada kubwa. Ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, upande wake mrefu hushuka hadi pikseli 1,600 hivi, na faili lenyewe hubanwa zaidi. Ikionyeshwa nzima, imetulia, watazamaji wengi hawatagundua kitu. Tatizo hujitokeza pale mteja anapotaka picha isogee, tuanze na ukoo mzima uliosimama mbele ya nyumba, kisha tukaribie taratibu hadi kwa bibi aliyeketi katikati. Eneo linalomzunguka bibi, ambalo katika picha asilia lilikuwa na upana wa pikseli 1,000, sasa limebaki na 400, na programu inalazimika kulinyoosha hadi lifikie 1,920. Pikseli zinazokosekana hujazwa kwa kukisia, na ukungu unaouona ni makisio hayo.

Kwa sababu hiyo tunaomba picha zitumwe kama nyaraka ndani ya WhatsApp hiyohiyo, kwa kuwa faili linalotumwa hivyo hufika kama lilivyo, au ziletwe kwa flashi au kiungo cha Google Drive. Chaguo la ubora wa juu la WhatsApp ni afadhali kuliko lile la kawaida, lakini nalo hubana.

Picha za karatasi zina hesabu yake. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ikiskaniwa kwa dpi 300 (vidoti 300 kwa kila inchi), ambacho ndicho kiwango kinachotumika sana kwa hati za ofisini, hutoa picha yenye kimo cha pikseli 531 tu, yaani nusu ya kimo cha fremu. Ikiskaniwa kwa dpi 600 hupata pikseli 1,063, na hapo inakaribia kutosha. Kupanda sana zaidi ya hapo mara nyingi hakuongezi sura ya mtu. Skana huanza tu kusoma chembe za karatasi na mikwaruzo yake. Kuipiga picha kwa simu ikiwa ndani ya kioo cha fremu ya ukutani ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu ya mng'ao na mpindo.

Sasa makosa ya upande wetu wahariri. Katika Adobe Premiere Pro, programu ya kuhariri video, agizo la "Scale to Frame Size" huigeuza picha kubwa ilingane na fremu na kuitupa ile ziada, hivyo ukiikuza baadaye unakuza picha ambayo tayari ni ndogo, ingawa faili asilia lilikuwa zuri kabisa. "Set to Frame Size" hubadilisha kiwango cha ukuzaji tu na kuziacha pikseli zote mahali pake. Mtu anayehariri mwenyewe nyumbani na kukuta picha zote zimefifia aanzie hapo. Aangalie pia ubora wa onyesho la majaribio (preview) ndani ya programu: kama picha ni safi video ikisimama na hufifia ikicheza, huenda kompyuta inaonyesha sehemu tu ya pikseli ili isikwame, na kazi yenyewe haina kasoro. Akitoa faili la mwisho, asibane kupita kiasi. Kwa video ya 1080 yenye fremu 24 hadi 30 kwa sekunde, YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde.

Wateja wengi hutuuliza siku hizi kama akili mnemba haiwezi kuirudisha picha iliyoharibika. Inaweza kuifanya ipendeze, na kwa mandhari, majengo au keki ya harusi hatuoni ubaya wowote. Kwa uso wa marehemu tunasita. Programu hizo huchora macho na meno ambayo hayamo kwenye picha, zikifuata nyuso nyingine zilizotumika kuzifunza, na anayeketi mbele ya skrini ni mjane au mtoto aliyemjua mtu huyo kwa karibu. Kwetu, uso wenye ukungu kidogo ulioonyeshwa mdogo, katikati ya fremu, ni bora kuliko uso safi wa mtu mwingine. Tukiitumia teknolojia hiyo, tunaionyesha familia kwanza na kusubiri kauli yao.

Tunaomba pia kujua video itaonyeshwa wapi. Baadhi ya projekta za kumbi zina pikseli 1,024 kwa 768 tu, na juu yake maandishi membamba hupotea hata faili likiwa bora, kwa hiyo tunakuza majina na tarehe mapema. Kazi iliyokamilika tunaikabidhi kwa flashi au kiungo cha kupakua. Nakala ya WhatsApp tunaitoa kwa ajili ya kusambaza kwa ndugu, na hiyo isipelekwe ukumbini.