Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: kupima VVU na kuanza dawa mapema katika zahanati za mji wa Malindi

Ndugu wanachama, assalamu alaikum na hamjambo.

Mwaka huu kamati imeshughulika zaidi na jambo moja: muda unaopita kati ya jibu la kipimo na kidonge cha kwanza. Kenya ilianza mwaka 2016 kumtibu kila anayekutwa na virusi bila kungoja CD4 (chembe za kinga mwilini) ishuke, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa zianze ndani ya siku 7, au siku ile ile kwa aliye tayari. Mwongozo sote tunao. Wagonjwa wetu wanapotelea kwenye benchi, wakitumwa chumba cha kipimo, kisha cha daktari, kisha cha mafaili, mwisho waambiwe warudi Jumatatu. Mvuvi wa Mayungu au Ngomeni hawezi kuahidi Jumatatu. Ikifika, yuko baharini. Kwa hiyo kamati inapendekeza mshauri aliyetoa jibu aandamane na mgonjwa mpaka dawa ziwe mkononi mwake.

Haraka hiyo haina faida jibu likiwa si sahihi. Kadiri wenye virusi wanavyopungua miongoni mwa wanaopimwa, ndivyo sehemu ya majibu ya uongo inavyokuwa kubwa kati ya yale yanayoonyesha virusi. Ndiyo maana tangu 2019 Shirika hilo linataka vipimo 3 tofauti vikubaliane kabla ya kumwambia mtu ana virusi. Viwili vikionyesha na cha tatu kikakataa, jibu halijapatikana: apimwe tena baada ya siku 14, na dawa zisianze.

Makosa mengi hutokea mezani. Spiriti haijakauka kidoleni, na damu ikachanganyika nayo. Tone la kwanza halikufutwa. Damu imekadiriwa kwa macho badala ya kupimwa kwa mrija. Kiowevu cha kipimo kimetolewa sanduku jingine. Jibu limesomwa kabla ya dakika zilizoandikwa, kwa kuwa foleni ni ndefu. Ndivyo mstari hafifu wa jibu unavyokosa kuonekana. Na joto letu la Malindi: vipimo vingi vinataka nyuzi 2 hadi 30, lakini chumba chenye paa la bati mwezi wa Machi huzidi hapo mchana. Pakiti ifunguliwe mtu akiwa ameshaketi, maana unyevu wa pwani huiharibu.

Kabla ya kutoboa kidole, muulizeni kwa upole kama anatumia ARV (dawa za kudhibiti virusi). Aliyeanza dawa mapema huenda kingamwili zake, ambazo ndizo kipimo hutafuta, zikawa chache, kipimo kikasema hana virusi, akaziacha.

Kuanza siku ile ile kuna mipaka. Mwenye maumivu makali ya kichwa, shingo iliyokakamaa au aliyechanganyikiwa achunguzwe homa ya uti wa mgongo kwanza. Ikiwa ni ya fangasi wa kriptokoka, ARV husubiri majuma 4 hadi 6, kwa sababu kinga ikiamka ghafla ubongo huvimba na mtu anaweza kufa. CD4 ikiwa chini ya 200, kipimo cha fangasi huyo kifanywe hata kama hana dalili.

Kwa mtu mzima kidonge ni kimoja kwa siku: tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50. Anayetumia rifampicin ya TB huongezewa dolutegravir 50 saa 12 baadaye. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huzuia dolutegravir isifyonzwe, basi kidonge kimezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Wajawazito wanaopewa vidonge vya chuma wanaweza kumeza vyote pamoja, mradi wawe wamekula. Ramadhani isiwe sababu ya kuacha: saa ya dawa ihamishiwe baada ya futari, wiki moja kabla ya mfungo, na wiki hiyo itumike kuzoea.

Siri ni haki ya mgonjwa kwa sheria ya Kenya ya VVU ya 2006, na katika mitaa kama Shela na Maweni, ambako watu wanajuana kwa ukoo, faili lenye rangi yake peke yake linatosha kumtangaza mtu. Vituo vyenye mafaili hayo vibadilishe.

Kabla ya mkutano ujao, kila kituo kilete daftari la joto la chumba cha vipimo, pamoja na idadi ya walioambiwa warudi na wasirudi. Majina yasiandikwe.