Kikao cha kamati ni chako, mdogo wangu

Michigan, Marekani
Oktoba 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku. Wape Baba na Mama shikamoo zangu, na baba mdogo wa kule Maji ya Chai pia. Mimi mzima wa afya, baridi imeanza kuuma lakini nyumba ina joto na kazi inakwenda. Nimefurahi kusikia goti la Mama limepata nafuu na kwamba shamba liko tayari kusubiri vuli.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na kuurudia. Unasema Januari utasimama mbele ya wasimamizi wako na jopo la idara pale Chuo cha Nelson Mandela kueleza utafiti wako wa mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, na tangu upewe tarehe usingizi umekimbia. Ningeweza kukupigia simu, ila mambo haya yanataka kukaa kwenye karatasi ili uyarudie taratibu. Ukimaliza, msomee na Mama. Ameshika ukatibu wa vicoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, miaka mingi, na sehemu kubwa ya ninayokuandikia anaijua tangu zamani.

Kwanza nikueleze huku kulivyo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu haachwi mikononi mwa profesa mmoja. Anaundiwa kamati ya kumwongoza, na kwa chuo chetu wajumbe hawapungui 4. Mmoja wao ndiye mwenyekiti, yaani msimamizi wako wa kila siku. Kamati hiyo inapitisha mpango wako wa masomo, inakutungia mtihani mkuu na kuusahihisha, inakubali au kukataa andiko lako la utafiti, na mwishoni ndiyo inayoketi kukusikiliza ukiitetea tasnifu. Huko nyumbani mara nyingi ni wasimamizi wawili au watatu pamoja na jopo la idara, lakini shughuli ni ileile. Watu wazima wenye kazi nyingi wanakupa saa moja na nusu ya akili zao. Wewe uitumie kufanya nini?

Nawaona wenzangu wengi wakijiandaa kwa kikao hiki kama mtihani. Wanakariri, wanajaza slaidi, wanaomba Mungu wasiulizwe maswali. Mimi nakuomba uanzie mahali pengine. Kabla hujafungua kompyuta, chukua kalamu uandike: wakiinuka kwenye viti vyao, nataka wawe wameamua nini? Ukipata mambo mawili au matatu, hayo ndiyo ajenda yako. Usipopata hata moja, basi hilo ndilo la kushughulikia kwanza, na slaidi zisubiri.

Chukua mfano wa kikao changu cha mwezi uliopita. Unajua kazi yangu ni floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa, kwenye maji ya visima na chemchemi, kuanzia Usa River kupanda hadi Ngarenanyuki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4, kwa kuwa vyanzo vingi vya upande wetu visingefikia kiwango kile. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ndiyo inayoyatia maji madini hayo. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapopungua sufuriani floraidi inabaki na kukolea zaidi. Wale watoto wa darasani kwetu waliokuwa wakichekwa kwa meno ya kahawia walikuwa wanapiga mswaki kama sisi wengine. Nikikumbuka walivyokuwa wakiziba midomo kwa kiganja wakicheka, najua kwa nini niko huku.

Nilikuwa na mambo matatu ya kuamuliwa. La kwanza, sampuli za kiangazi hazikukamilika kwa sababu mvua ziliwahi na njia za juu zikawa hazipitiki: nirudi msimu ujao au nipunguze eneo? La pili, nipime magadi au niyaache? La tatu lilikuwa tarehe ya mtihani mkuu, nalo lilikwisha kwa dakika chache.

Lililochukua muda ni magadi. Na halikuzaliwa kwenye kikao. Wiki kadhaa kabla nilikwenda ofisini kwa mjumbe wangu wa afya ya jamii nikiwa na karatasi moja tu, nikamwonyesha ramani ya visima. Akaitazama, akaniuliza, "Mtoto wa kijijini kwenu anakula nini tangu asubuhi hadi usiku?" Nikamtajia uji, ndizi, maharage, makande. Akataka nimweleze makande yanavyopikwa. Nilipofika kwenye kutia magadi ili mahindi na maharage yaive haraka, akaacha kuandika. "Hayo magadi yanatoka wapi?"

Basi siku ya kikao nikaja na kile kifuko alichonifungia Mama nilipokuwa likizo, nikakiweka mezani. Mjumbe mwingine, profesa wa jiolojia, akachukua bonge moja, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akalikwaruza kwa ukucha na kutazama unga uliobaki kidoleni. Akasema maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron yana chumvi za namna hii, na floraidi ndani yake hutofautiana sana kutegemea yalikochimbwa. Watafiti walishalishuku jambo hili zamani, maana kuna maeneo ya kaskazini yenye maji mazuri ambayo meno ya watoto bado yana madoa. Kamati ikakubaliana kwamba nisiishie kisimani. Nitaingia na jikoni, kaya chache kwa kila kijiji, niulize kinachopikwa na kuchukua sampuli ya magadi palepale. Utafiti wangu umekuwa bora kuliko nilivyouandika mwenyewe, na ni kwa sababu mtu mmoja alipata nafasi ya kuuliza kabla ya siku yenyewe.

Kwa hiyo waendee mmoja mmoja. Najua tulivyolelewa, na najua uzito wa kugonga mlango wa profesa ukiwa huna hakika na unachosema. Huku wanaitana kwa majina ya kwanza. Mimi bado nawaita Profesa na hakuna anayekwazika. Hata hivyo heshima haikuzuii kuuliza. Unaweza kusema, "Samahani Profesa, naomba nielewe vizuri: unashauri niongeze mashamba, au nirudi kwenye yaleyale mara nyingi zaidi?" Mtu mzima anayeulizwa hivyo anajiona amesikilizwa. Mwanafunzi anayeitikia "ndiyo" kwa kila neno ndiye anayewatia wasiwasi, kwa kuwa hawajui ameshika nini.

Swali hilo silitungi. Mjumbe wangu wa takwimu alitaka visima vingi zaidi, profesa wa jiolojia akataka vichache vinavyopimwa kila mwezi, kwa kuwa floraidi hupanda na kushuka na majira. Wote wana hoja. Ukifika hapo usimwahidi kila mmoja anachotaka. Utatoka na kazi ya watu wawili na bajeti ya mmoja. Waeleze wote wawili gharama yake mbele ya meza: usafiri, chupa, siku za maabara. Kisha mgeukie mwenyekiti umwombe kamati iseme njia moja kabla hamjaachana. Nilifanya hivyo, na ndani ya dakika kumi wakakubaliana visima vilevile vipimwe kiangazi na masika. Wajumbe wakigongana juu ya hoja mbele yako ni jambo la kawaida. Hawakugombei wewe.

Sasa karatasi. Wapelekee wiki mbili kabla, kurasa tatu au nne, usizidishe. Hapo ndipo Mama anapoingia, maana vicoba yake haifunguliwi bila yatokanayo: nani aliagizwa nini kikao kilichopita, na amefikia wapi. Nawe anza hivyohivyo. Kwa kuwa hiki ni kikao chako cha kwanza, yatokanayo yako ni yale waliyokuambia walipokupokea na yale mliyozungumza na msimamizi wako. Yafuate maamuzi unayoyaomba, halafu ulichofanya, kisha kalenda. Na kilichokwama kiweke mbele, ukurasa wa kwanza. Profesa akikuta tatizo limejificha ukurasa wa mwisho, anaanza kujiuliza mengine yako wapi. Mimi habari ya mvua na sampuli pungufu niliiandika aya ya pili, na kikaoni hakuna aliyepoteza muda kunihoji kuhusu hilo; walikuja na ushauri tayari.

Kwenye kalenda usisahau vibali. Kwangu, kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na idhini ya maadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kwa kuwa nazungumza na wazazi kuhusu afya ya watoto, vilikaa kwenye mpango kabla ya chupa ya kwanza ya sampuli. Sasa nimeongeza jikoni za watu, kwa hiyo lazima niombe marekebisho ya idhini kabla sijamhoji mama yeyote. Wewe na mnyauko wako wa migomba utakuwa na vya kwako, hasa kama udongo au vipande vya mimea vitavuka mpaka kwenda maabara ya nje. Muulize msimamizi mapema.

Jambo dogo ambalo linaharibu vikao vya watu: saa. Mjumbe wangu mmoja yuko hapo Arusha, anaingia kwa mtandao. Saa 2 asubuhi huku ni saa 9 alasiri kwenu, ila Jumapili ya kwanza ya Novemba huku wanarudisha saa nyuma na tofauti inakuwa saa 8. Ukimwalika mtu wa nje, mwandikie saa ya kwenu na ya kwake. Umeme wa kwetu unaujua: slaidi ziwe kwenye flashi, na nakala za karatasi uzitoe siku moja kabla.

Juu ya slaidi sina mengi. Nusu ya muda uzungumze, nusu waachie. Fanya jaribio mbele ya wenzako, na awepo mmoja asiyejua chochote kuhusu migomba, huyo ndiye atakayekuambia ulipompoteza.

Halafu kuna hili ambalo ningetamani ulijue mapema ili moyo usikupasuke. Huku mwanzoni mwa kikao, pengine mwishoni, wanakuomba utoke nje ili wazungumze wenyewe. Ni utaratibu tu, wanamfanyia kila mtu, aliye vizuri na aliye vibaya. Kaa kwenye benchi, kunywa maji. Katika idara nyingine anatoka msimamizi na wewe unabaki na wajumbe. Wakikuuliza unasimamiwaje, jibu ukweli kwa adabu. Kama unahitaji kuonana naye mara nyingi zaidi, sema hivyo. Nafasi hiyo imewekwa kwa ajili yako, na kuna wanafunzi wanaozama kwa sababu ilipokuja walinyamaza wakidhani wanamlinda mtu.

Kikao kikiisha usiende kusherehekea kwanza. Siku hiyohiyo, maneno yakiwa bado moto, andika muhtasari wa ukurasa mmoja: tumekubaliana hivi, mimi nitafanya hili kufikia tarehe fulani, Profesa fulani ameahidi kunipa kile. Watumie wote kwa barua pepe, uwaombe wakurekebishe kama kuna ulichosikia vibaya. Miezi minane baadaye mjumbe anaweza kukuuliza kwa nini hukufanya jambo ambalo waliliondoa wao wenyewe. Hana nia mbaya, amesahau, ana wanafunzi wengi. Ukiwa na muhtasari aliousoma na kuukubali, mnaangalia pamoja na mnaendelea na kazi. Nakwambia kwa moyo wote, sijaona kitu kinachomlinda mwanafunzi kuliko ukurasa huo.

Baba mdogo ananiuliza kila nikipiga simu nitamaliza lini. Mwambie namheshimu na swali lake ni la haki. Hapa mtihani mkuu unatakiwa uwe umekwisha ndani ya miaka 5 na shahada yote ndani ya miaka 8, ila sina mpango wa kufika huko. Kamati imeniwekea mtihani mkuu Machi. Nikifaulu, nakuja Meru kiangazi kijacho kuchukua sampuli zilizobaki na za jikoni, nitapita kwenye kile kituo cha Ngurdoto wanakochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kisha narudi kuchanganua na kuandika. Kisima chake kimo kwenye orodha yangu, asiwe na wasiwasi.

Mama mwambie akienda soko la Tengeru aulize magadi ya kila muuzaji yametoka wapi, anunue kidogokidogo na kufunga kila moja kwenye kifuko chake, aandike jina la yalikotoka. Gharama nitamtumia.

Nawe nitumie kurasa zako kabla ya Novemba kwisha, hata zikiwa mbichi. Nataka kuona kwanza ile karatasi ya maamuzi unayoyaomba, hayo mengine tutayapanga. Jumamosi jioni ya kwenu huwa niko nyumbani, nipigie tuisome pamoja mstari kwa mstari, na kama ukitaka nitajifanya jopo nikuulize maswali.

Nawapenda wote.

Dada yako